Baba Amekuwa Urithi wa Ghuba

Butiama, 18 Februari 2024

Kwako dada Marcelina,

Shikamoo. Sisi huku Butiama tumeamka salama, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu mvua. Wifi yako Robi anakusalimu sana. Migomba inazaa, mahindi yamesimama, na ng'ombe wa jirani bado anaingia kwenye viazi vyetu kila Jumapili tukiwa kanisani. Nadhani ameshaijua ratiba ya misa.

Kambare wako tumempokea kutoka kwa Masanja dereva. Alifika na harufu nzuri ya moshi, ila mkia umeng'atwa. Masanja anasema ni panya wa kwenye lori. Mimi na Masanja tunafahamiana siku nyingi, kwa hiyo nilimshukuru tu nikanyamaza.

Nakushukuru pia kwa kuyaheshimu mapatano yetu ya kutopigiana simu. Tangu tulipogombana kwenye msiba wa shangazi mpaka salio likaisha, nawe ukaazima simu ya padre ili uendelee, nimeona barua ndiyo njia ya watu wazima. Kwenye karatasi mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kitabu changu kuhusu ghuba kimetoka, kimechapwa Musoma, na nakala yako iko ndani ya mfuko huu pamoja na ndizi. Nimeeleza kila kitu. Kwamba Ghuba ya Speke imelala kusini mashariki mwa ziwa, kisiwa cha Ukerewe kikiwa mdomoni, sisi wa Kibara tukiwa kaskazini na Wasukuma ng'ambo. Kwamba mito ya Rubana na Mbalageti inamimina humo maji yaliyokwisha kunywewa na nyumbu. Nimemweleza na yule mzungu aliyelizunguka ziwa kwa mashua ya kuunganisha vipande, akaipa ghuba jina la mzungu mwenzake bila kumuuliza hata mtu mmoja aliyekuwa akivua humo. Mwishoni nimeweka ramani niliyoichora mwenyewe kwa mkono.

Kitabu kimepokelewa vizuri. Kule Nyasura, Bunda mjini, wastaafu wameanzisha chama kinachoitwa Marafiki wa Ghuba. Mwenyekiti wao, Bwana Alfonce, amenipigia simu mara nyingi kwa furaha. Wanakuja Kibara kusimika kibao kwenye ile rasi yetu. Wapokee, wape chai, na usiwaambie mambo mengi.

Mdogo wako,
Mwalimu Evance Mafuru


Kibara, 10 Machi 2024

Evance mdogo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, mbuzi ni wazima, paka ndiye simwelewi. Mwanangu Clever na mkewe wamepata mtoto wa kiume huko Musoma, wamempa jina la baba. Kwa hiyo tuna Mafuru mwingine, na huyu naye analia usiku kucha kama anadai haki yake. Mwambie wifi ndizi zilikuwa tamu. Mkia wa kambare niliukata mimi, nilikuwa na njaa. Mwombe Masanja msamaha moyoni.

Dagaa wanatutesa. Tukiwaanika, mvua. Tukiwaanua, jua. Na ziwa linapanda, Evance. Lile jiwe la kufulia halionekani tena, sasa wanawake tunafulia kwenye ngazi za ghala la zamani la pamba, na Nicolaus mwenyekiti wa kitongoji anasema tunachafua jengo la serikali.

Kitabu nimekisoma. Sehemu ya upepo ni nzuri, sehemu ya nyumbu sikuielewa. Halafu nikafika kwenye ukurasa wenye picha ya rasi, nikasoma kwamba pale lipo rundo la mawe lililojengwa mwaka 1875 na babu yetu mkuu, kwa kumbukumbu ya siku aliyompa yule mzungu sato wawili. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.

Evance. Hayo mawe niliyabeba mimi kichwani. Wewe ulibeba madogo, ukasema kiuno. Chini ya hayo mawe yuko baba, na tulimweka pale mwaka 1994 kwa sababu mwenyewe alisema anataka kuona nyavu zikivutwa. Babu mkuu wetu sijui hata alikuwa wapi mwaka huo, na kama nilivyosikia alikuwa mchoyo, sato asingempa mtu.

Hao Marafiki wa Ghuba wamekuja. Wamekunywa chai, wamekula jogoo, wamesimika kibao kikubwa cha bati: URITHI WA GHUBA. USIGUSE. USIHAMISHE. USIPANDE JUU. Nilimwambia Bwana Alfonce kwamba lile ni kaburi la baba yangu. Akanishika bega, akasema, "Mama, nakuelewa kabisa. Eneo la kihistoria kama hili, kila mtu hupenda kujihusisha nalo." Halafu akaomba finyango lingine.

Sasa sikiliza. Maji yakiendelea hivi yatamfikia baba. Nimeongea na bwana afya wa kata na nimeongea na padre, wote wamekubali tumhamishe, tumlete huku juu nyumbani kwangu. Kinachokosekana ni wewe. Desturi yetu unaijua: jiwe la kwanza haliondoki mpaka mtoto wa kwanza wa kiume asimame pale, amwite marehemu kwa jina, amwambie anahama na anakwenda wapi. Bila hivyo tunabeba mifupa, mwenyewe anabaki ziwani. Mimi ni mkubwa kwako lakini siwezi kuwa mtoto wa kiume, hata nikijitahidi.

Njoo haraka.

Dada yako,
Marcelina


Butiama, 2 Aprili 2024

Kwako dada,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Huku Pasaka tumekula vizuri, ng'ombe wa jirani naye kala vizuri. Robi amenunua redio mpya ambayo inashika stesheni ya Kenya tu, kwa hiyo tunajua bei ya unga ya Kisumu.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu. Kwanza, jiografia. Ziwa letu liko zaidi ya mita elfu moja na mia moja juu ya usawa wa bahari, na rasi kwenye ramani yangu iko juu ya ziwa. Kwa hiyo maji kuifikia rasi ni jambo lisilotarajiwa. Nahisi unaangalia asubuhi, wakati upepo wa usiku umeyasukuma maji kwenu. Jaribu kuangalia mchana. Jaribu pia kuangalia ukiwa umekaa.

Pili, historia. Historia ina tabaka, dada. Inawezekana kabisa mawe yalikuwepo toka zamani, sisi tukayakuta tukayapanga tu. Wewe ulikuwa kwenye majonzi, mtu aliye kwenye majonzi hahesabiwi kuwa shahidi mzuri. Na hata mchoyo siku moja anaweza kutoa sato.

Tatu, chama kimenichagua kuwa Mlezi wa Urithi. Kuna beji. Bwana Alfonce ananiomba nikufikishie kwamba kibao si mahali pa kuanikia dagaa.

Kuhusu kuja, goti linakataa. Daktari amesema niepuke maeneo yenye unyevunyevu, na ghuba, kwa tafsiri yoyote, ina unyevunyevu.

Mdogo wako,
Mwalimu Evance Mafuru


Kibara, 5 Mei 2024

Mlezi wa Urithi,

Marahaba. Watu wote ni wazima. Nimeangalia asubuhi, nimeangalia mchana, nimeangalia nikiwa nimekaa. Nikikaa, nakaa ndani ya maji.

Rasi yako imekatika. Pale katikati palipokuwa na njia, sasa inapita mitumbwi. Upande wa mbele umebaki kisiwa kidogo ambacho kina vitu vitatu: mawe ya baba, kibao chenu, na kiboko. Kiboko anakuja jioni, anajikuna kwenye kibao, ndiyo maana kimeinama. Kama kuna mtu wa kumwambia USIGUSE, ni huyo, lakini naona hakusoma.

Nilikwenda kwa Nicolaus kumwomba vijana watusaidie kumhamisha baba. Nicolaus anamjua baba vizuri, baba ndiye aliyemfundisha kuogelea kwa kumtupa. Akaniambia, "Mama Clever, mimi mzee Mafuru nilikuwaga namheshimu kuliko baba yangu. Lakini kile kibao kina muhuri. Mimi nitahamishaje kitu chenye muhuri?" Nikamuuliza muhuri wa nani. Akasema hajui, ila ni wa mviringo.

Bwana Alfonce naye alikuja kwa boti na wenzake. Nilitegemea akiona maji atashtuka. Alifurahi mpaka akapiga makofi. "Sasa tuna kisiwa," anasema. "Mwalimu ataongeza ukurasa." Nikamwambia mawe yanaliwa na mawimbi. Akasema ndiyo maana kamati imeamua kuyaimarisha. Tarehe 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, wanakuja na fundi, saruji na nondo, watachimba katikati ya yale mawe wasimike nguzo ndefu ya zege, ili wanaopita kwenye vivuko waione. Na mgeni rasmi ni wewe. Hata hilo unalijua tayari, hukuniambia.

Wanakwenda kumchomeka baba nguzo kifuani, Evance. Kwa heshima yako wewe.

Nitakuambia kitu kimoja kisha ninyamaze. Nikiwa jikoni nayaona yale mawe kupitia dirishani. Usiku sioni, lakini nasikia mawimbi yakiyapiga. Naona aibu kula. Naona aibu kujifunika blanketi. Njoo kabla ya hao watu, umwite baba, tumtoe.

Dada yako,
Marcelina


Butiama, 26 Mei 2024

Kwako dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na watoto hawajambo, na mbuzi, na paka, na mjukuu Mafuru mdogo. Sisi hatujambo. Mvua zimepungua. Maharage tumevuna, ni madogo kiasi lakini yanaiva upesi. Robi alikuwa na kikohozi, amepona. Stesheni ya Kenya inasema Kisumu nako maji yamejaa, lakini redio husema mengi. Ng'ombe wa jirani ameuzwa, na kusema kweli Jumapili sasa zimepooza.

Yale mengine uliyoandika nimeyapokea.

Wako,
Evance


Kibara, 12 Juni 2024

Evance,

Barua yako nimeisoma mbele, nikaisoma nyuma, nikaangalia na upande usioandikwa kitu, nikidhani labda pale ndipo ulipoandika. Nimekusikia kuhusu maharage.

Kwa kuwa huji, tulijaribu bila wewe. Stanislausi, katekista wetu, alikuwa na wazo. Alisema desturi inataka mtoto wa kiume awepo, na wewe picha yako ipo nyuma ya kitabu, umevaa tai na beji. Basi tulikata lile jalada, tukalibandika kwenye kasia, tukaenda kisiwani kwa mtumbwi, tena Nicolaus akajifanya amekwenda mnadani ili asituone. Kiboko alikuwa upande wa pili. Tulikusimamisha pale juu ya mawe, Stanislausi akasimama nyuma ya kasia na kuongea kwa sauti nzito: "Mafuru, mimi mwanao Evance, nakuita."

Tulitegemea hilo litatosha. Lakini bibi Nyangi, yule dada mdogo wa baba tuliyekuwa tukimwogopa kwa fimbo, naye alikuja, na unajua hakuna mtu wa kumkatalia mtumbwi. Akauliza, "Marehemu akijibu, hiyo picha itamwambia nini?" Stanislausi akasema marehemu kwa kawaida hajibu. Bibi akasema, "Hata kama hajibuga, aliyeita lazima awe mtu anayeweza kujibiwa." Tukabishana pale mpaka upepo ukaanza, wengine wakisema picha ina macho kwa hiyo inatosha, wengine wakisema hata shati lina kola. Mwisho tulirudi. Picha yako iliangukia majini, ikaelea kidogo kuelekea Ukerewe.

Sikucheka, ingawa wote walicheka. Niliketi kwenye mtumbwi nikawaza kwamba kasia limekuja na wewe hukuja.

Tarehe 29 nitawapikia wageni wako kwa sababu baba alitufundisha hivyo, mtu akifika kwako anakula. Kisiwani sitakwenda. Sina mpango wa kuangalia.

Marcelina


Kibara, 7 Julai 2024

Evance mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama, na suti imekauka. Uliondoka na gari la Nyasura kabla hata sijapata nafasi ya kukukamata mkono, na pale nyumbani palikuwa na watu wengi, nyimbo nyingi, na wali ulikuwa unaungua. Sasa naandika ili niulize.

Nikuambie nilichokiona mimi. Nilikuwa jikoni na mgongo nimeupa dirisha. Nilisikia boti zinakwenda, nikasikia spika inapimwa, moja mbili, moja mbili. Halafu nikasikia kimya. Nikawaza, wameanza kuchimba. Nikaendelea kuchagua mchele ambao nilikuwa nimeshauchagua.

Baadaye bibi Nyangi akaniita kwa jina langu la utotoni, nikatoka. Boti zilikuwa zinarudi, zimezama kwa uzito karibu mpaka kwenye kingo zake. Kila mgeni aliyevaa tai alikuwa amepakata jiwe. Wengine mawili. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya alikuwa na lile jiwe jekundu lililokuwa kichwani kwa baba, amelikumbatia kwa mikono yote. Fundi wa zege ameshika koleo wima mbele kabisa. Na Bwana Alfonce, mwenyekiti wa Marafiki wa Ghuba, alikuwa amekaa katikati na kifurushi cha shuka jeupe mapajani, analia. Wewe umesimama nyuma yake ukiwa umeloa mpaka kifuani, beji huna.

Wakapanda mpaka kwangu kwa mstari, wanaimba wimbo wa Kwaresima, sijui nani aliuchagua. Kaburi lilikuwa tayari, nililichimbisha mwezi Machi na kila wiki nikawa natoa maji. Padre akafika na pikipiki. Tukamzika baba mara ya pili, na walioshika majembe ni walewale waliokuja kummwagia zege. Walirundika mawe vizuri kuliko sisi mara ya kwanza, nakubali. Bwana Alfonce akaja kunishukuru. Akaniambia, "Mama, kumbe ninyi ndio watunzaji. Tusamehe kwa kukudharau." Kisha akala sahani mbili.

Nicolaus anauliza kama muhuri bado una nguvu. Bibi Nyangi anasema baba amekuja kweli, amemsikia akikohoa njiani. Mimi nilifurahi mpaka nikakaa kwenye gunia la dagaa mbele za watu.

Lakini sielewi. Ulisema nini kule?

Dada yako,
Marcelina


Butiama, 28 Julai 2024

Kwako dada Marcelina,

Shikamoo. Tu wazima. Suti imekauka, imekuwa fupi, sasa ni ya Robi. Mahindi tumeyapukuchua. Nilichelewa kukujibu kwa sababu barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara inageuka kuwa kuhusu hali ya hewa.

Nilikuwa na hotuba ya kurasa kumi. Ilianza na umbo la ghuba. Tulipofika kisiwani kiboko alikuwepo, tukamsubiri, na Bwana Alfonce akawaeleza wageni kwamba hata wanyama wanaliheshimu eneo. Kiboko alipoondoka tulishuka. Mimi niliteleza nikaingia majini, na kwa ule unyevunyevu goti halikusema lolote. Nikapanda juu ya mawe nikiwa nachuruzika, nikafungua hotuba, karatasi zimeshikana. Hakukuwa na cha kusoma.

Fundi alidhani nimemaliza. Akainua sururu.

Ndipo nikamwita. Sikupanga, dada. Nilimwita kwa Kijita, kwa jina lake lote, nikamwambia maji yamefika, huwezi kukaa hapa tena, tunakwenda kwa Marcelina, ni juu kidogo, nyavu utaziona bado. Niliongea muda mrefu. Nilimwambia na habari za mjukuu. Wageni wakavua kofia. Bwana Alfonce akaninong'oneza, "Mwalimu, hii haipo kwenye kitabu." Nikamwambia, "Iko kwenye toleo la pili."

Nikainua jiwe la kwanza nikampa yeye, maana ndiye aliyekuwa karibu. Nikasema, "Kwetu urithi ukifikiwa na maji unabebwa." Yule mama mwenye kofia akasema ni utamaduni mzuri sana, akaomba lake. Basi wakapanga foleni. Bwana afya alikuwepo na glavu zake, fundi akachimba taratibu kama anachimba viazi, nondo zikabaki kwenye boti. Mifupa ilipoonekana, Bwana Alfonce akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani?" Nikasema, "Huyu ni Mafuru." Alivua koti akashika shuka. Alilia kuliko mimi, na mpaka leo sijui alikuwa anamlilia nani. Beji nilimpa yeye.

Sasa lile uliloniandikia toka Machi, na mimi nikakujibu kuhusu usawa wa bahari.

Nilipokuwa naandika kile kitabu nilisoma kila nilichoweza kukipata juu ya ghuba. Yule mzungu alipita siku chache, akampa mwenzake ghuba nzima, kutoka Ukerewe mpaka mdomo wa Mbalageti. Baba yetu alivua humo mpaka mikono ikapinda, na hakuna hata karatasi moja duniani yenye jina lake. Hata cheti cha ubatizo panya walikula. Nikasema, basi nitampatia walau mawe. Nikaandika Rasi ya Mafuru kwenye ramani, nikaona inapendeza. Lakini kitabu kinataka sababu, hakuna mtu anayeita rasi kwa jina la mvuvi kwa kuwa alikuwa mvuvi. Ndipo wale sato wawili wakaingia.

Halafu ukaniandikia kwamba maji yanapanda. Kuja kumhamisha kulikuwa ni kukubali kwamba hata hicho kidogo nilichompa kimezama. Na niliogopa, dada. Miaka thelathini sijamwita kwa jina. Niliogopa kumwita halafu nisikie mawimbi tu.

Nilisikia mawimbi tu. Lakini haikuwa mbaya kama nilivyodhani.

Mdogo wako,
Evance


Kibara, 8 Septemba 2024

Evance mdogo wangu,

Marahaba. Tunaendelea. Dagaa wamerudi, jua limerudi, na ziwa linashuka polepole, linaturudishia masufuria ambayo si yetu. Mafuru mdogo ameota jino. Paka alikuwa na mimba, ndiyo maana sikumwelewa. Robi mwambie shuka alilotuma limefika, na Masanja safari hii hakuonja kitu, aliniapia kabla hata sijamuuliza.

Bwana Alfonce bado analeta wageni, sasa anawaleta uwanjani kwangu. Wanasimama mbele ya mawe na wanataka kuelezwa. Mara ya kwanza sikujua la kusema, nikawaambia ukweli. Nikasema hapa amelala Mafuru, alikuwa mvuvi, alipenda ugali wa mtama, alikoroma, na mtumbwi wake ulikuwa unavuja lakini hakuwahi kukubali. Nilidhani watanung'unika. Waliandika yote. Kuna kijana akaniuliza ulikuwa unavuja upande gani.

Kwa hiyo hilo toleo la pili uliandike hivyohivyo. Hapo kwenye ukurasa wa mawe weka tu kwamba alikuwepo, alivua, na watoto wake walimhamisha. Sato waondoe.

Nimesoma barua yako mara nyingi, hasa pale kwenye mawimbi. Sitakuandikia mengi juu ya hilo kwa sababu nitalia, na wino huu ukiloa haufai. Ila nakuambia ulifanya vizuri. Hukufanya mapema, lakini ulifanya vizuri.

Jambo la mwisho. Nilipochimbisha kaburi la baba niliwaambia wale vijana wasilisogeze sana kwenye uzio, waache nafasi mbili. Ya upande wa ziwa ni yangu, mimi ndiye niliyebaki. Wewe utalala upande wa barabara, maana ulipenda kuondoka. Kama una pingamizi, andika, nitakujibu. Lakini baba yuko katikati, na safari hii hatutagombana mbele yake.

Dada yako,
Marcelina